Ukialikwa Kwenye Utafiti wa Virusi vya Ukimwi, Uliza Kabla ya Kutia Saini

Mwaliko huja kwa njia nyingi. Wengine huupata wakiwa kwenye foleni ya CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi, katika hospitali ya kaunti ndogo Kitengela au hospitali ya rufaa mjini Kajiado. Wengine huletewa na mhudumu wa afya ya jamii apitaye nyumba kwa nyumba. Wengine huambiwa na mwenzao wanayepanda naye matatu alfajiri kwenda zamu kwenye viwanda vya EPZ, Athi River: kuna watu wanatafuta wasichana wa umri wetu, wanapima bure, nauli wanarudisha. Unafika, unakaribishwa vizuri, unaelezwa kwa upole, kisha unasogezewa karatasi na kalamu.

Ninachokiandika hapa ni kwa ajili ya dakika hizo, kabla kalamu haijagusa karatasi. Simtishi mtu. Kila kidonge anachomeza mgonjwa wa CCC leo kiliwahi kuwa swali ambalo halikuwa na jibu, na jibu lilipatikana kwa sababu watu wa kawaida wa Kisumu, Thika, Eldoret, Nairobi, Kampala na kwingineko walikubali kupimwa na kufuatiliwa kwa miaka. Sisi wa Kajiado tumekula matunda ya kujitolea kwao. Siku zamu ikitufikia, ningependa twende kwa moyo, lakini tuwe tunajua tunakokwenda.

La kujua kwanza ni kwamba utafiti si matibabu. Daktari wa kliniki akikubadilishia dawa, anafanya hivyo kwa kuwa anaamini dawa mpya itakufaa wewe. Mtafiti anatafuta jibu la swali. Anaweza kukujali sana, akakupima kwa makini kuliko ulivyowahi kupimwa, lakini dawa utakayopata imeamuliwa na mpango ulioandikwa kabla hajakuona, na mara nyingi kompyuta ndiyo inayokupangia kundi kwa kubahatisha. Muuguzi anayekuhudumia huenda hata yeye hajui uko kundi gani. Ukishalielewa hilo, karibu maswali mengine yote yatakuja yenyewe.

Mtu atauliza: mbona wasimpe kila mmoja dawa mpya, kama wanaiamini? Kenya ina jibu lake la kuumiza. Mwaka 1990 ilitangazwa kwa fahari kubwa, hadi na Rais Moi, kwamba watafiti wetu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamepata dawa iliyoitwa Kemron, dozi ndogo ya interferoni ya kuyeyushwa mdomoni. Wagonjwa waliripotiwa kupata nafuu, uzito ukapanda, matumaini yakapanda zaidi. Wakati huo ukimwi ulikuwa hukumu ya kifo, na anayezama hamwulizi mtu kamba imetoka wapi. Tatizo ni kwamba utafiti ule wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganisha. Wote walipewa dawa, wote wakatazamwa. Baadaye majaribio yalipofanywa kwa kulinganisha waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu, likiwemo lililofanyika Uganda, tofauti haikuonekana. Mgonjwa aliyepata matunzo, chakula na tumaini alikuwa amepata nafuu kwa muda, na nafuu hiyo ikahesabiwa kuwa ya dawa.

Hata penye sababu nzuri ya kuamini, ulinganisho unaweza kutoa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Ilijulikana kwamba malengelenge ya sehemu za siri, yanayoletwa na kirusi cha HSV-2, huongeza hatari ya kuambukiza na kuambukizwa virusi vya ukimwi. Basi wanasayansi wakasema: tukiyatuliza malengelenge kwa asaikloviri, maambukizi yatapungua. Jozi 3,408 za wachumba na wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, kutoka nchi 7 za Afrika ikiwemo Kenya, walishiriki. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Dawa ilipunguza vidonda, ikapunguza hata wingi wa virusi vya ukimwi kwenye damu, lakini maambukizi kwa mwenzi hayakupungua. Bila utafiti ule huenda hadi leo tungekuwa tunawagawia watu vidonge vya kuwapa usalama usiokuwepo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: kundi lile lingine linapewa nini? Jibu la swali hili linakuambia mengi kuhusu heshima waliyo nayo watafiti kwa washiriki wao. Chukua utafiti wa KEN SHE, uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Walitaka kujua kama dozi moja tu ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inatosha. Kundi la kulinganisha halikudungwa maji matupu. Lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kitu chenye faida yake, na mpango ulikuwa wao pia wapate chanjo ya HPV mwishoni. Matokeo yalipotoka mwaka 2022 yalionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za HPV zilizo hatari zaidi, na mwishoni mwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja inaweza kutumika. Kwetu hilo ni kubwa, maana mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana uwezekano mara 6 wa kupata saratani hiyo kuliko asiye navyo. Ule ndio mfano wa utafiti unaoweza kumpeleka binti yako ukalala usingizi.

Kwenye ugonjwa ambao tayari una dawa, kama ukimwi, kundi la kulinganisha linapaswa kupata dawa bora iliyopo. Mtu mwenye virusi asikubali utafiti unaomwacha bila dawa yoyote ya ARV pasipo maelezo marefu na ya wazi. Zipo tafiti chache za kutafuta tiba kamili ambazo humtaka mshiriki asimamishe dawa kwa muda akifuatiliwa kwa karibu mno. Ukialikwa kwenye moja ya hizo, usijibu siku hiyo. Rudi kwa daktari wako wa CCC, mwonyeshe karatasi, na mfikirie pia mwenzi wako, kwa sababu virusi vikipanda kwenye damu yako yeye naye yuko hatarini.

Sasa kuhusu uhalali. Kitengela tumejifunza kwa machozi kwamba hununui ploti kwa maneno ya dalali. Unakwenda ofisi ya ardhi, unapekua rekodi, unathibitisha mwenye mali ni nani. Utafiti nao una rekodi zake za kupekuliwa, na ni haki yako kuzitaka. Lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kwa mfano ile ya Hospitali Kuu ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, au ya KEMRI. Lazima uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia. Ukiwa ni wa kujaribu dawa au chanjo, lazima pia Bodi ya Dawa na Sumu iwe imeuruhusu. Idara ya afya ya kaunti nayo inapaswa kujua kwamba kuna watu wanafanya utafiti kwake. Mtafiti wa kweli haoni haya kukuonyesha nambari ya idhini, nayo kwa kawaida imechapishwa kwenye fomu yenyewe, pamoja na simu ya mtafiti mkuu na simu ya kamati ya maadili. Simu hiyo ya pili ndiyo muhimu zaidi. Ni ya watu ambao hawafanyi kazi kwenye utafiti huo, na unaweza kuipiga kabla ya kujiunga.

Na pesa ziende upande mmoja tu. Utafiti halali haukudai ada ya kujiandikisha, ya kadi, ya vipimo wala ya dawa. Wewe ndiye unayerudishiwa nauli na kufidiwa muda wako, kwa kiasi ambacho kamati ya maadili imekipitisha. Anayekuuzia dawa ya kuponya ukimwi akiiita utafiti ni tapeli, hata awe amevaa koti jeupe, hata awe anaanza na maombi. Upande wa pili, kiasi kikiwa kikubwa mno kwa kazi ndogo, jiulize kinafidia nini. Nawajua watu wazuri walioingia utafiti kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na siwahukumu. Ninachowaomba ni kitu kimoja: kabla ya kukubali, jiulize kama ungekubali iwapo ingekuwa nauli peke yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye karatasi. Fomu ya idhini huwa ndefu, kurasa kumi na zaidi, na wengi huruka hadi mwisho. Usiruke. Kama macho yamechoka au kusoma ni shida, dai usomewe yote, kwa lugha unayoiota usiku. Kwa mama wa Bissil au Mashuuru anayefikiri kwa Kimaasai, fomu ya Kiswahili yenye maneno ya kitabuni ni sawa na hajasomewa. Mtafsiri asiwe mtoto wake wala shemeji yake, maana kuna maswali ya chumbani humo ndani. Asiyejua kusoma hutia dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi huyo hapaswi kuwa mfanyakazi wa utafiti. Nakala moja ni yako. Ukiogopa kwenda nayo nyumbani kwa sababu ya atakayeiona, omba ihifadhiwe kituoni, lakini ujue kwamba ni yako.

Kipimo ninachokipenda ni hiki: kabla ya kutia saini, mwambie mtafiti, "Nipe nafasi nikueleze mimi utafiti huu, unisahihishe." Eleza kwa maneno yako watakufanya nini, mara ngapi, kwa muda gani, na nini kinaweza kuharibika. Ukikwama, hujaelewa, na kosa si lako. Kisha omba siku mbili tatu za kufikiria. Anayekuambia nafasi zitaisha leo hastahili damu yako.

Sheria iko nyuma yako hapa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba hakuna utafiti wa tiba unaohusu virusi hivi utakaofanywa kwa mtu bila idhini yake ya maandishi, akiwa ameelezwa malengo, njia, faida na hatari, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Idhini hiyo ni ya mtu mmoja mmoja. Wazee wa boma wanaweza kuwaruhusu watafiti waingie kijijini, na ni adabu njema wakaombwa. Mume anaweza kushauriwa. Lakini mzee hawezi kumtolea mke wa mtu idhini, wala mume hawezi kumwandikisha mkewe. Kwa aliye chini ya miaka 18, kwa kawaida mzazi au mlezi hutia saini, na hata hivyo mtoto mwenyewe aulizwe na akikataa asikilizwe.

Kuhusu mwili wako kuna mambo ambayo watu huogopa bure na mengine ambayo hawayaogopi inavyopaswa. Damu ndiyo inayozungumzwa sana mitaani. Uliza kiasi kwa vijiko: kijiko cha chai ni mililita 5, na muuguzi anaweza kukuonyesha mirija yenyewe, ile ya kifuniko cha zambarau na ile ya chekundu, ni mingapi itajazwa kwa ziara moja. Mwili hurudisha kiasi hicho. Swali zito zaidi ni damu inakwenda wapi baadaye. Je, itahifadhiwa kwa miaka? Itasafirishwa nje ya nchi? Itapimwa vinasaba? Mara nyingi fomu ina sehemu ya peke yake ya kukubali au kukataa sampuli zitumike kwa tafiti za siku zijazo. Unaweza kukataa hilo na bado ukashiriki utafiti wenyewe. Wengi hawalijui, wanatia alama kote kote.

Chanjo za majaribio nazo zina hofu yake: watu hudhani watadungwa virusi vyenyewe. Hapana. Chanjo za virusi vya ukimwi zinazojaribiwa kwa binadamu hubeba vipande tu, na vipande haviwezi kukuambukiza. Nairobi imekuwa kwenye safari hii tangu mwaka 2001, kundi la KAVI la Chuo Kikuu cha Nairobi lilipoanza kujaribu chanjo iliyobuniwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Wazo lake lilitokana na wanawake wa Majengo ambao baadhi yao waliendelea kuwa bila virusi licha ya kukutana navyo mara nyingi. Ile haikufaulu, na hadi leo hakuna chanjo inayofanya kazi. Lakini kuna jambo moja ambalo mshiriki lazima alijue. Chanjo inaweza kuufundisha mwili utengeneze askari wa kinga ambao kipimo cha kawaida cha haraka huwasoma kama maambukizi. Unaonekana una virusi ilhali huna. Kwa kijana wa Kitengela anayepanga kwenda Saudia au Qatar kufanya kazi, ambako kipimo cha virusi ni sharti la safari, hili linaweza kumfungia mlango. Uliza: mtanipa barua? Mtanipima kwa kipimo kinachotofautisha, hata miaka mitano ikipita? Na tangu siku unapojiunga, kipimo chako cha virusi kifanyike kwenye kituo cha utafiti.

Mwenye virusi ajue pia hali yake ya homa ya ini aina ya B. Dawa inayotumiwa na wengi wetu sasa, ile ya tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwenye kidonge kimoja, inazuia ukimwi na wakati huohuo inatuliza kirusi cha homa ya ini. Sindano za muda mrefu za kabotegraviri na rilpivirini hazifanyi kazi hiyo ya pili. Sindano hizo zilijaribiwa Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512 ambao virusi vyao vilikuwa tayari vimedhibitiwa. Matokeo yakaonyesha kwamba anayedungwa kila baada ya miezi miwili virusi vyake hubaki chini sawa na anayemeza vidonge kila siku. Ni habari njema kwa mtu anayeficha chupa ya dawa. Lakini mwenye homa ya ini B akiacha tenofoviri, ini linaweza kuwaka upya kwa ukali. Watafiti wazuri hupima hilo kabla. Wewe uliza kama wamekupima, na jibu ni lipi.

Mwanamke aulize kuhusu mimba mapema. Tafiti nyingi hudai mpango wa uzazi kwa muda wote, na ukishika mimba unasimamishiwa dawa ya majaribio. Haipaswi kuwa hivyo daima. Jaribio la PURPOSE 1 la sindano ya lenakapaviri ya kuzuia maambukizi, lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, liliwaruhusu walioshika mimba wakiwa ndani waendelee kama wenyewe walitaka. Katika wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambukizwa matokeo yalipotangazwa Juni 2024. Katika 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vya PrEP, dawa ya kumkinga asiye na virusi, ambavyo tayari vinatumika, 16 waliambukizwa. Hakuna aliyejua matokeo hayo siku wanawake hao walipotia saini.

Na jibu kama hilo hutegemea jambo ninalolijali kuliko yote katika makala haya: ukishajiunga, sema kweli.

Mwaka 2011 utafiti ulioitwa FEM-PrEP, uliohusisha wanawake 2,120 wakiwemo wa Bondo kwetu Kenya, ulisimamishwa kabla ya wakati. Walioambukizwa katika kundi la dawa walikuwa 33, na katika kundi la kidonge kitupu 35. Ungeona hayo ungesema PrEP haifanyi kazi. Washiriki walipoulizwa, karibu wote, asilimia 95, walikuwa wakisema wanameza dawa kila siku au karibu kila siku. Damu yao ilipopimwa, chini ya asilimia 40 walikuwa na dawa mwilini. Mwaka huohuo, utafiti wa Partners PrEP wa jozi 4,747 za wanandoa Kenya na Uganda, ukiwa na vituo Thika, Kisumu, Eldoret na Nairobi, ulionyesha kwamba dawa ileile inapunguza maambukizi kwa asilimia 75, kwa sababu wale waliimeza kweli. Kama tungebaki na jibu la kwanza peke yake, PrEP isingefika kwenye hospitali za umma Mei 2017 ilipozinduliwa nchini. Jambo hilihili lilijirudia Kisumu kwa wanawake 449 waliopewa doksisaiklini ya kumeza baada ya tendo ili wasipate kisonono na kaswende. Matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha kinga, na nywele zilizopimwa zilionyesha dawa kwa chini ya theluthi.

Siwalaumu wanawake wale. Wale wa FEM-PrEP walipofuatiliwa baadaye walieleza sababu ambazo mtu yeyote wa hapa angezielewa: hofu ya madhara, maneno ya jamaa, kutoona kwamba hatari inawahusu wao. Waliogopa kuonekana wameshindwa, au kukosa nafasi yao. Mtafiti anayekunja uso unaposema hukumeza anaharibu utafiti wake kwa mkono wake mwenyewe. Lakini wewe ujue kwamba kidonge ulichokitupa chooni ukasema umekimeza kinahesabiwa dhidi ya dawa, na dawa hiyo huenda ingemwokoa mwanao. Sema: wiki hii nilimeza siku mbili. Sema: naogopa, nimeacha. Huo ni ukweli wa kisayansi wenye thamani sawa na damu yako. Vivyo hivyo usijiandikishe tafiti mbili kwa wakati mmoja ili upate nauli mbili. Dawa mbili zisizojulikana zikikutana mwilini hakuna daktari atakayejua kilichokudhuru, ndiyo maana vituo vingine huchukua alama za vidole.

Maisha yetu ya hapa yana vikwazo vyake, na ni afadhali uviseme siku ya kwanza. Anayefanya zamu ya usiku EPZ hawezi kufika kliniki saa mbili asubuhi kila mwezi bila kuulizwa kazini. Mfugaji wa Magadi au Loitokitok kiangazi kikibana atahama na ng'ombe, pengine avuke hata Namanga. Waulize kama wanaweza kukutembelea, kukubadilishia siku, au kukupa dawa ya muda mrefu zaidi. Waambie pia jinsi ya kukutafuta. Kwenye ploti zetu za kupanga, mlango kwa mlango, gari lenye maandishi ya ukimwi likisimama getini, msimamizi wa ploti atajua, na jirani atajua kabla hujatoka nje. Dai waje na gari lisilo na alama, wakipiga simu wajitambulishe kwa jina la mtu tu, na ujumbe wa simu usitaje kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya yako kuwa nyeti, na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Siri ya hali yako ikivujishwa, ipo pia Mahakama Maalumu ya Ukimwi iliyoundwa na sheria ile ya mwaka 2006.

Ukidhurika, nani analipa matibabu? Jaribio la dawa linapaswa kuwa na bima ya washiriki. Omba jina la kampuni ya bima na uandikiwe nambari ya simu utakayoipiga usiku. Na kama unatumia dawa za CCC, waambie wa CCC, waone fomu, wasije wakakupa kitu kinachogombana na kile cha utafiti.

Swali la mwisho zamani halikuulizwa sana, na sasa haliepukiki: pesa zikikatika je? Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ghafla, tafiti nyingi zilifungwa katikati. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake wenye pete za majaribio za kuzuia virusi ndani ya miili yao, na watafiti waliamriwa waache kazi. Kwa hiyo uliza anayefadhili ni nani, na ni nani atakayekutoa kifaa au kukufuatilia mfadhili akiondoka. Uliza kama ukimaliza salama na dawa ikathibitika, utaendelea kuipata au utarudishwa ulikotoka. Taka jibu hilo liwe kwenye fomu.

Na matokeo je? Uliza yatasomwa lini, na yatasomwa wapi. Majarida ya kisayansi hayafiki Kitengela. Utafiti mzuri huwa na kamati ya ushauri ya jamii, watu wa hapahapa wanaokutana na watafiti tangu mwanzo, na unaweza kuomba kujiunga nayo hata kama wewe mwenyewe si mshiriki. Kupitia kwao dai mkutano kwenye ukumbi wa chifu au kanisani, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, watafiti waeleze walichokipata, hata kama walichokipata ni kwamba dawa haikufaa.